Manute Bol: Manamba wa Mpira wa Kikapu

Wazee wetu wa Buha waliijua kazi ya mkataba. Enzi za ukoloni vijana wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa kwa namba na kupelekwa Tanga kukata mkonge, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Mkataba ulipokwisha, mwenye bahati alirudi na baiskeli, blanketi na fedha ya kodi. Wengine walihamia shamba jingine, kisha jingine tena, na wapo ambao hawakuonekana tena nyumbani.

Mwaka huu ukurasa wa kumbukumbu tumempa mtu asiye wa kwetu, ambaye maisha yake mzee yeyote aliyekwenda Tanga angeyaelewa bila kufafanuliwa. Huyu ni Manute Bol, Mdinka wa Sudan Kusini, aliyecheza mpira wa kikapu wa kulipwa Marekani na kufariki mwaka 2010. Vijana watauliza kwa nini tusimwandike Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ya NBA. Jibu ni fupi: Thabeet yu hai, na ukurasa huu ni wa marehemu.

Inaelezwa kuwa Manute alizaliwa mwaka 1962 huko Turalei, ingawa tarehe za watoto wa wafugaji wa wakati huo zilikuwa za kukadiriwa tu, kama za wengi wetu. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kupoteza watoto kabla yake, na jina Manute lina maana ya baraka ya pekee. Alikua akichunga ng'ombe wenye pembe ndefu, wa namna ambayo mtu wa Buha hahitaji kuonyeshwa picha yake. Ukoo wao ulikuwa wa watu warefu, lakini yeye alipita kiasi, akafika mita 2.31.

Mpira wa kikapu aliuanza akiwa kijana mkubwa, baada ya kuona kwamba kwa soka urefu ule ulikuwa mzigo. Alijifunza mjini Wau, kisha Khartoum. Husimuliwa kwamba siku za mwanzo alipojaribu kuudumbukiza mpira kwa mkono, meno yake yalinasa kwenye wavu na kuvunjika. Kocha mmoja Mmarekani, Don Feeley, aliyekuja kuifundisha timu ya taifa ya Sudan, ndiye aliyemwona na kumshawishi avuke bahari mwaka 1983. Mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza upya Sudan. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ugenini, Manute alikuwa mtu ambaye nyumbani kwake kunaungua.

Kiingereza hakukijua. Chuo cha kwanza alichopelekwa, mjini Cleveland, hakuweza kukichezea. Akaishia Bridgeport, chuo kidogo cha jimbo la Connecticut, ambako alicheza msimu mmoja tu na ukumbi ukawa unajaa. Mwaka 1985, timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya, Washington Bullets walimchukua akiwa wa 31.

Hapa lazima tuseme ukweli, maana vijarida vya namna hii hupenda kutia chumvi. Manute hakuwa mchezaji kamili. Alikuwa mwembamba mno, wapinzani walimsukuma kwa mabega, na kufunga kulimshinda. Alichokijua ni kitu kimoja, nacho alikijua kuliko wote: kuzuia. Akinyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya vidole hadi ncha ilikuwa karibu mita 2.6. Mpinzani aliyekwisha kumpita kila mtu alijikuta mbele ya mkono uliotokea asikokutarajia, na mpira ukarudi ulikotoka. Msimu wake wa kwanza alizuia mitupo 397, wastani wa mitano kila mechi, rekodi kwa mchezaji mgeni wa ligi. Katika mechi 624 za NBA alifunga pointi 1,599 na kuzuia mitupo 2,086. Ni jambo la nadra sana kwa mtu aliyedumu muda wote huo kuzuia mara nyingi kuliko pointi alizofunga.

Mtu wa fani moja haachwi akae sehemu moja. Mwaka 1988 Washington walimpeleka Golden State Warriors, California. Kabla ya hapo walikuwa wamempanga timu moja na Muggsy Bogues, mwenye mita 1.60, na wapiga picha walifaidi. Golden State kocha alimruhusu ajaribu mitupo ya pointi tatu, naye akajaribu mara 91 msimu mmoja na kufunga 20. Watazamaji walishangilia hata alipokosa. Mwaka 1990 akahamishiwa Philadelphia, na huko, Machi 1993, dhidi ya Phoenix, alifunga mitupo sita ya pointi tatu katika kipindi cha pili pekee. Timu yake ilifungwa hata hivyo. Baada ya hapo ikawa Miami mechi nane, Washington mechi mbili, Philadelphia mechi nne, Golden State mechi tano, na mwili ukawa umechoka. Alimalizia kwenye ligi ndogo ya Florida na mjini Forlì, Italia.

Lakini ugenini hapakuwa ndipo maisha yake yalipokuwa. Mshahara ulipoingia, ndugu waliusubiri. Alilisha jamaa, alizuru kambi za wakimbizi wa Sudan, alikwenda kwa wabunge wa Marekani kuwaeleza habari za vita ambavyo wengi wao hawakuvijua. Inakadiriwa kuwa alitoa dola milioni 3.5, sehemu kubwa ya alichopata katika maisha yake yote ya mchezo. Nyingine ilikwenda kwa waasi wa SPLA. Si kazi yetu kumhukumu mtu ambaye ndugu zake wengi waliuawa, ila ni haki kusema kwamba fedha ile haikuacha jengo wala kisima. Ilitolewa na mkono mmoja, kwa kila aliyebisha hodi, nayo ikaisha. Nani kati yetu tunaoishi Dar es Salaam au Mwanza hajawahi kutuma hivyo?

Mwishoni mwa miaka ya 1990 alirudi Khartoum akiwa na matumaini ya amani. Serikali ilimwahidi wadhifa katika wizara ya michezo, kwa sharti la kusilimu, naye Mkristo akakataa. Kisha akashukiwa kuwa mtu wa waasi na kuzuiwa kuondoka nchini. Mtu aliyekuwa na mamilioni alifilisika, akasaidiwa kupata njia ya kutokea Cairo. Mwaka 2002 Marekani ilimpokea kwa mara ya pili, safari hii kama mkimbizi. Sisi wenye Nyarugusu na Nduta katika wilaya zetu tumewaona watu wa namna hiyo wakishuka kwenye malori: mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara, na kifurushi kimoja mkononi. Jina lake kubwa halikumwondoa kwenye foleni hiyo.

Kilichofuata kiliwachekesha Wamarekani. Mwaka huohuo wa 2002 alipanda ulingoni kupigana ngumi kwenye televisheni na William Perry, mchezaji mnene wa zamani wa mpira wa Kimarekani, akamshinda. Alisaini mkataba na timu ya magongo ya barafuni akiwa hajui kuteleza juu ya barafu. Akakata leseni ya kuendesha farasi wa mashindano, mtu ambaye miguu yake ingekaribia kugusa ardhi. Magazeti yaliandika kwa dhihaka. Yasiyosoma vizuri hayakueleza kwamba sharti lake la kupigana lilikuwa televisheni ionyeshe namba ya simu ya mfuko wake wa kuwasaidia watu wa Sudan, kama sisi tunavyochapa namba ya akaunti nyuma ya kijarida hiki. Alikuwa ameishiwa kila kitu isipokuwa urefu wake, naye aliutumia huohuo.

Mwaka 2004 teksi aliyopanda ilipinduka huko Connecticut, akavunjika shingo. Alipona, ingawa hakurudi kuwa mzima kama awali, na baadaye akahamia Kansas. Ni katika miaka hiyo ya mwisho, akiwa hana fedha tena na anatembea kwa shida, ndipo alipoanza kazi ambayo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko ile milioni 3.5. Alishirikiana na shirika la Sudan Sunrise kujenga shule Turalei, ambako watoto walisomea chini ya miti. Safari hii hakutoa peke yake. Alizunguka makanisani na shuleni Marekani akiomba mchango wa kila mtu kwa kadiri yake, na katika ujenzi Waislamu wa Darfur walishika matofali pamoja na Wakristo wa Kidinka, baada ya vita vya zaidi ya miaka ishirini. Alikuwa na ndoto ya shule 41 kusini mwa nchi.

Mwaka 2010 alikwenda kuangalia ujenzi. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na Salva Kiir alimwomba abaki kidogo asaidie kampeni dhidi ya rushwa. Akabaki, na akaugua. Figo zilisumbua, kisha akapata ugonjwa adimu wa ngozi ambao huweza kuletwa na dawa, ukamzuia hata kula. Alifariki hospitalini Charlottesville, Virginia, tarehe 19 Juni 2010, akiwa na miaka 47. Ibada ilifanyika katika kanisa kuu la taifa mjini Washington, mji uleule uliompa mkataba wake wa kwanza wa NBA, kisha mwili ukasafirishwa hadi Turalei na kuzikwa huko. Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai mwaka uliofuata. Siku mwili wake ulipofika kijijini, ujenzi wa shule ulikuwa bado unaendelea.