Sam Ntiro: Msee Aliyesomea Kuchora London, Akarudi Akichora Vile Anataka

Siku hizi Kisii mjini na Nyamira, wasee wa kuchora sura kwa penseli hawakosi. Unamtumia picha kwa simu, anakuchorea hadi kope. Isipofanana na wewe, hakuna doo. Halafu shuka Tabaka, kule South Mugirango, ucheki mafundi wa mawe ya Kisii: wanachonga watu warefu, wembamba, hawana macho wala pua, wamekumbatiana. Akina mama wanasugua kwa msasa na maji hadi jiwe linateleza. Mtalii akiinunua hiyo familia, haulizi pua imeenda wapi.

Weka hawa wasee meza moja uone kama wataelewana. Na hii bifu si ya jana. Kuna jamaa aliibeba maisha yake yote.

Sam Ntiro alizaliwa 1923 Machame, Kilimanjaro, kwenye migomba na kahawa. Miaka ya 1940 akaingia Makerere, Kampala, enzi zile vijana wa Afrika Mashariki nzima walikuwa wanaisaka hiyo nafasi. Mwalimu wake wa sanaa alikuwa Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanza na darasa kwenye veranda ya nyumba yake mwaka wa 1937. Trowell mwenyewe alisomea Slade, London, shule ambapo mtu anasimama uchi mbele yako unamchora hadi ujue kila mfupa. Lakini Makerere hakufundisha hivyo. Aliwasimulia wanafunzi kisa, wakione kichwani kwanza, ndio washike brashi. Aliogopa wakionyeshwa ya Ulaya mapema watabaki kuigiza. Wako waliomwona kama anawafungia Waafrika mlango, na tuseme ukweli, hiyo hoja ina uzito.

Sasa Ntiro naye akaenda hiyo hiyo Slade, 1952 hadi 1955. Ungedhani atarudi akichora kama Mwingereza. Wapi! Alirudi kufundisha Makerere na milima yake ikiwa imepangwa moja juu ya nyingine, watu wadogo wadogo, kivuli ni kama hakijui. Wanalima, wanajenga nyumba, wanachuma kahawa, wote pamoja. Huwezi kusema huyu ni fulani. Kwake kazi ya kijiji ilikuwa kubwa kuliko sura ya mtu mmoja.

Mwaka wa 1958 Trowell akastaafu, akaja Cecil Todd kutoka Afrika Kusini. Todd alitaka nadharia ya rangi, historia ya sanaa, mwili wa binadamu uchorwe sawasawa. Ghafla Ntiro akaonekana msee wa kitambo, na wahakiki wengine wakamchukulia kama mtu aliyeenda London bure. Mimi naona akichora mtu kwa karibu, alikuwa wa kawaida tu. Mpe umati na kilima, hapo hakuwa na mpinzani.

Kisha New York ikaingilia. Mwaka wa 1960, MoMA ilinunua mchoro wake wa 1956 wa wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Hebu fikiria: pombe ya Wachaga kwenye jumba moja na Picasso!

Tanganyika ilipopata uhuru 1961, akatumwa London kama balozi. Mji uliomfundisha kuchora ukampokea na bendera. Na nyumbani hakuoa mtu wa mchezo: Sarah Nyendwoha, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata digrii Oxford. Baadaye alisimamia utamaduni serikalini Tanzania, na brashi hakuitupa.

Ntiro alifariki 1993, milima yake ikiwa bado imepangwa vilevile. Makerere hiyo hiyo ilishampokea kijana wa Tabaka, Elkana Ong'esa. Alisoma, akarudi kwa mawe ya kwao, na ndege wake wa jiwe akafika makao makuu ya UNESCO, Paris.