Sheikh Amadou Bamba na Picha Yake Moja

Mwezi uliopita jamaa za marehemu maalim wangu wa chuoni waliniita kwao baada ya sala ya Isha. Maalim alifariki zaidi ya miaka 30 iliyopita, Mungu amrehemu, na katika uhai wake wote hakupigwa picha ila moja tu, ile ya kipande, ambayo serikali ilimlazimu nayo kama ilivyotulazimu sote. Kijana mmoja wa ukoo, ambaye ni fundi wa kompyuta, alikuwa ameichukua picha hiyo ndogo kama kucha, akaiingiza katika mtambo wake, akaikuza, kisha akachora juu yake kwa kalamu ya umeme na kuipaka rangi hata ikawa kana kwamba imechorwa kwa brashi na mtu aliyekaa mbele ya maalim mchana kutwa. Nyuma yake aliweka bahari na minazi. Macho yaliyokuwa gizani aliyatia mwanga. Na mdomoni, Mungu amsamehe, aliweka tabasamu.

Nyumba ikagawanyika. Wajukuu waliifurahia. Binti yake mkubwa alilia, akasema huyo si babake. Shemeji mmoja akauliza kama ni halali kuitundika. Nikaombwa niseme neno, kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wake na nina kalamu gazetini. Nami sikusema kitu, niliomba muda tu. Njiani nikirudi, mawazo yangu yalikwenda mbali sana, hata Senegal, kwa mtu ambaye naye aliacha picha moja tu inayotambuliwa, na ambaye picha yake hiyo imechorwa mara nyingi kuliko ya Mwislamu mwingine yeyote barani kwetu, kwa nionavyo mimi. Basi leo, wasomaji wangu, niruhusuni nisimulie habari zake.

Sheikh Amadou Bamba alizaliwa mnamo mwaka 1853 mjini Mbacké, katika nchi ya Baol. Babake, Momar Anta Sali, alikuwa mwalimu na kadhi, na alimhukumia Lat Dior, mfalme wa Cayor. Mamake, Mariama Bousso, alikuwa mcha Mungu hata watu wakamwita Jarat Allah, yaani jirani wa Mwenyezi Mungu. Wasenegali husimulia kwamba usiku mmoja mumewe alimwomba amshikie nguzo ya ua uliokuwa ukianguka, kisha akasahau, akaenda kulala. Na asubuhi alimkuta mkewe pale pale, amelowa mvua, nguzo i mkononi. Bibi huyu alifariki mwanawe angali mdogo, akazikwa Porokhane, na hadi leo wanawake kwa maelfu huenda kumzuru.

Mtoto alisoma kama tulivyosoma sisi, kwa ubao na wino, Kurani kwanza, kisha fiqhi na nahau, halafu akageukia tasaufi. Babake alipofariki, mnamo mwaka 1883, wazee walimshauri aende kwa mfalme akashike kazi ya ukadhi. Alikataa. Hakutaka kula katika sahani ya watawala, wawe weusi au weupe. Wanafunzi walimfuata, naye akawafundisha njia ambayo baadaye ilikuja kuitwa Muridiya, njia ya kusoma, kumtumikia sheikh na kufanya kazi kwa mikono. Mnamo mwaka 1887 aliweka makao mahali patupu penye nyika, akapaita Touba.

Hapo ndipo Wafaransa walipoanza kumtilia shaka. Lat Dior walikuwa wamekwisha kumuua mwaka 1886, na enzi za kale zilikuwa zimevunjika moja baada ya moja. Watu waliobaki bila mfalme, na hata askari wa wafalme wale, walimkimbilia sheikh mmoja mwembamba asiye na bunduki. Serikali yoyote huogopa mtu anayefuatwa bila kuamrisha. Tarehe 10 Agosti 1895, nayo ilikuwa 18 Safar 1313, alikamatwa. Mwezi wa Septemba baraza la gavana lilikaa Saint-Louis likaamua ahamishwe. Ushahidi wa kwamba alihubiri vita haukupatikana. Walimhamisha kwa kuogopa litakalokuwa, si kwa lililokuwa.

Mwaka huo wa 1895 sisi wa pwani twaujua vyema. Ndio mwaka Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipopigana na Waingereza, na mwaka uliofuata akavuka kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Baadaye Sayyid Khalid bin Barghash wa Unguja naye alihamishwa, akapelekwa St. Helena na Seychelles, kisha akaja kufa hapa Mombasa mwaka 1927. Zama hizo wazungu walikuwa wakiwabeba wakubwa wa watu kwa merikebu na kuwatua katika nchi za wenyewe, wasikojua lugha wala njia.

Sheikh alipelekwa Gabon, penye misitu na homa, akakaa huko miaka saba, Mayumba na Lambaréné. Juu ya safari hiyo murid wana hadithi nyingi, na iliyo kubwa ni hii: kwamba merikebuni alikatazwa kusali, naye akatandaza mswala wake juu ya maji ya bahari, akasali, samaki wakamzunguka, kisha akarudi chomboni. Mimi si mtu wa kubishana na karama za mawalii, wala sikutumwa kuzithibitisha. Lakini nimkumbukapo yule mfungwa akiutafuta wakati wa sala katikati ya Atlantiki, naona kwa nini wachoraji hawakuweza kuiacha hadithi hiyo.

Lisilo na shaka ni kwamba alitunga. Kalamu haikumtoka mkononi. Kasida zake za Kiarabu ni nyingi mno, karibu zote za kumsifu Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, na jina alilojichagulia mwenyewe lilikuwa Khadim al-Rasul, mtumishi wa Mtume. Alipenda kuchukua aya ya Kurani na kuzifanya herufi zake kuwa mwanzo wa beti, ufundi ambao washairi wetu wa alifu mpaka yee hawatauona mgeni. Na mwanafunzi wake mmoja, Moussa Ka, alizisimulia tabu za uhamishoni kwa Kiwolofu kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyouandika utenzi wa Kiswahili.

Alirejea Dakar Novemba 1902, akapokewa na umati uliowatia hofu waliomrudisha. Haukupita mwaka, wakamhamisha tena, safari hii Mauritania, hadi 1907. Kisha wakamweka chini ya ulinzi huko Jolof, na mwaka 1912 wakamleta Diourbel, wapate kumtazama kwa karibu. Touba, mji alioupenda, hakuruhusiwa kuishi tena. Wafuasi wake walilima karanga, na karanga zikaijaza hazina ya Wafaransa, nao taratibu wakalegeza sauti. Mwaka 1919 walimpa nishani ya heshima. Nishani kutoka kwa waliomfunga! Lakini walinzi hawakuondoka.

Hapo Diourbel, mwaka 1913, ndipo picha ilipopigwa. Tuitazame sawasawa, maana kila kitu kimo humo. Sheikh amesimama mbele ya ukuta wa mbao, jua kali limemwangukia toka juu. Amevaa nguo nyeupe pana. Kilemba kimezungushwa kichwani na ncha yake imepitishwa mbele ya mdomo. Macho yamefunikwa na kivuli kizito, hayasomeki. Viganja havionekani, vimezama katika mikono ya kanzu. Na chini, mguu mmoja waonekana, wa pili umepotea kivulini. Mwaka 1917 Paul Marty, ofisa wa serikali aliyeshughulikia mambo ya Waislamu, aliichapa katika kitabu chake juu ya Uislamu wa Senegal. Kwa watawala ilikuwa ni picha ya mtu anayechungwa, ya kuwekwa katika jalada.

Sheikh alifariki Julai 1927 hapo hapo Diourbel, akapelekwa usiku kuzikwa Touba. Alipozuiwa kuishi, hakuna aliyeweza kumzuia kulala. Msikiti mkubwa uliojengwa hapo ulifunguliwa mwaka 1963, na kila 18 Safar, siku ya kukamatwa kwake, mamilioni ya watu humiminika mjini kwa sherehe waiitayo Magal. Angalieni kwamba wanaisherehekea siku ya msiba, si siku ya kurudi.

Na picha nayo ikatoka katika jalada. Senegal ilikuwa na mafundi wa kuchora nyuma ya kioo, kazi iliyotiwa nguvu na picha za rangi za Buraqi na za masahaba zilizoingia kutoka nchi za Waarabu, ambazo Wafaransa walizipiga marufuku mapema katika karne ya 20. Kazi yenyewe ni ya kinyumenyume. Fundi hulaza kioo juu ya picha ya kamera, akafuata mistari yake kwa wino mweusi. Kisha hutia vitu vidogo vidogo, halafu rangi za nguo, na nyuma ya yote ndipo huja anga au ukuta. Kioo kikigeuzwa, kilichotangulia ndicho kilicho mbele. Akikosea mwanzo hawezi kukosoa mwisho. Mafundi kama Gora Mbengue, aliyefariki mwaka 1988, walijulikana hata ng'ambo kwa kazi hii. Baada ya vioo zikaja kuta za maduka, milango ya karakana, mabasi na ngalawa za wavuvi, na siku hizi kompyuta na simu, maana vijana wa Dakar hawakubaki nyuma.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Wachoraji hao waliongeza mengi. Waliongeza bahari, samaki, simba, malaika, msikiti wa Touba ambao sheikh hakuuona ukisimama. Walitia rangi ya kijani na ya dhahabu mahali ambapo kamera ilitoa nyeusi na nyeupe tu. Lakini aghalabu kivuli cha uso walikiacha. Mdomo ulibaki nyuma ya kilemba, viganja vikabaki ndani ya nguo, na wengi waliuacha hata ule mguu usioonekana. Murid ukimwuliza atakuambia habari za dhahiri na batini: lililo wazi ni sehemu, na sehemu iliyofichika ndiyo yenye siri. Upungufu wa kamera ya mtawala wameufanya kuwa pazia la walii wao. Kwangu huu ni ushindi mkubwa kuliko nishani ya 1919.

Mtambo hauna adabu hiyo. Ukiuachia wenyewe, huona giza kuwa kasoro. Utaumba mguu uliokosekana, utafunua mdomo, utachonga pua ya mtu mwingine uliyejifunzia, na kila kitu kitang'aa. Mchoraji wa kioo alijua ni nini asichokijua. Na kwetu jambo hili lina uzito, maana chuoni tulifundishwa onyo la Mtume juu ya wenye kufanya masanamu, kwamba siku ya Kiyama wataambiwa wayape uhai waliyoyaumba. Wapo maulamaa wasemao kwamba picha ya kamera ni kivuli kilichozuiliwa tu, si uumbaji, na wapo wasiokubali hata hiyo. Fatwa si kazi ya mwandishi wa gazeti, waulizwe wenyewe. Lakini hata mimi nisiye mufti naona tofauti kati ya kukifuata kivuli na kumtungia maiti tabasamu.

Maalim wangu hakuwa mtu wa tabasamu. Alikuwa na huruma nyingi, lakini ilikaa mkononi, katika namna ya kumshika mtoto kidole na kukipeleka juu ya herufi, na ile kamera ya kipande haikufika mikononi mwake.

Ijumaa iliyofuata nilirudi. Nilimweleza kijana, kwa upole kwa sababu alifanya kwa mapenzi, kwamba aondoe bahari na minazi, aondoe tabasamu, na macho ayarudishe gizani kama yalivyokuwa. Alinyamaza kidogo, kisha akafungua mtambo wake, na mbele yetu akaziondoa rangi tabaka baada ya tabaka mpaka uso ukarudi. Kilemba cheupe nilimwachia, kwa kuwa kweli kilikuwa cheupe. Shemeji aliridhika iwekwe ukumbini, si katika chumba cha kusalia. Wajukuu hawakufurahi sana.

Binti mkubwa hakuitazama kwa muda mrefu. Aliomba arudishiwe kipande, akakifunga katika kitambaa alichokuja nacho, akaenda nacho ndani.