Blagoje Vidinić, Mwalimu wa Chui

Wazee wetu wangali wanalitaja jina lake, wengine kwa furaha, wengine kwa uchungu. Blagoje Vidinić alizaliwa Skopje mwaka 1934, akawa mlinda mlango wa Yugoslavia iliyopata medali ya zahabu ya Olimpiki kule Roma mwaka 1960. Akiwa mwalimu, aliongoza Moroko katika Kombe la Dunia la 1970, kisha akaja kwetu, inchi ikiitwa Zaire.

Mwezi wa tatu 1974, kule Kairo, Chui wakapambana na Zambia mara mbili: 2-2, halafu 2-0. Magoli yetu yote manne aliyatia Ndaye Mulamba. Kombe la Afrika likawa letu!

Miezi mitatu baadaye, katika Kombe la Dunia kule Ujerumani ya Magharibi, Yugoslavia ikatufunga 9-0. Mwalimu alikuwa amemtoa mlinda mlango Kazadi baada ya goli la tatu, nao watu wakanung'unika kwamba amewauza vijana wetu kwa ndugu zake. Sisi hatuoni ushuhuda wa neno hilo. Wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba waliingia uwanjani wakiwa wamevunjika moyo, maana feza walizoahidiwa hazikufika. Anayetaja Ujerumani, kwa haki ataje na Kairo.

Baadaye alifundisha timu ya Kolombia. Alikufa Strasbourg, Ufaransa, mwaka 2006.