Krapf na neno mapenzi

Nilipokuwa kidato cha tatu, mhubiri mgeni alifika katika bonde la Lambwe kuongoza mazishi ya mtoto wa jirani yetu. Hakujua Kijaluo. Kwa kuwa nilisifika shuleni kwa insha zangu za Kiswahili, wazee walinisimamisha kando yake niwe mkalimani. Kazi ilikwenda vyema hadi alipofika pale ambapo wahubiri wengi hufika katika mazishi: alitamka kwamba kifo kile kilikuwa mapenzi ya Mungu. Hapo ulimi ulinikwama. Kijaluo kina maneno mawili mahali ambapo Kiswahili hutosheka na moja. Kuna dwaro, yaani kutaka au kukusudia, na kuna hera, yaani upendo. Mhubiri aliyabeba yote mawili katika neno lake moja. Mimi nilipaswa kuchagua. Nikachagua dwaro.

Mama wa marehemu aliinua macho akanitazama mimi, si mhubiri. Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, aliniita mwanawe, akaniuliza kwa upole kama Mungu wa Kiswahili hutaka tu, hapendi.

Sikuwa na jibu. Wasioijua Lambwe wafahamu kwamba swali hilo si la anasa katika bonde lile lililo chini ya milima ya Gwasi. Mbung'o waliwazuia watu wasilime sehemu zake kubwa kwa miaka mingi. Mwaka 1966 sehemu moja ilitengwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1983 ikawa Mbuga ya Taifa ya Ruma, anamoishi korongo ambaye hapatikani tena kwingineko nchini Kenya. Mapema katika miaka hiyo ya 1980 malale yaliwaandama wakaazi kwa ukali. Watu wa kwetu walijifunza kumtegemea Mungu huku wakitega mitego ya mbung'o, na hawakuona kwamba jambo moja linalitangua la pili.

Tangu siku ile imepita zaidi ya miaka 25, nami sasa nafundisha isimu chuoni. Kila mwaka, nikifika kwenye historia ya kamusi za Kiswahili, hukutana tena na mtu ambaye maisha yake yalikuwa yamebanwa kati ya dwaro na hera. Wanafunzi humjua kwa swali la mtihani: ni Mzungu yupi wa kwanza kuuona Mlima Kenya? Wakishaandika Johann Ludwig Krapf, Desemba 1849, huendelea na swali linalofuata. Ni hasara kubwa.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akalala mgonjwa kwa muda wa nusu mwaka. Na ni katika kulala huko alipozama katika Biblia. Baadaye alisoma Basel katika chuo cha wamisionari, kisha theolojia Tübingen. Hata hivyo hakuwa mtu wa kupita njia iliyonyooka. Aliwahi kuuacha wito wake akiwa na shaka, na alipokuwa kasisi msaidizi huko kwao, mahubiri yake kuhusu siku za mwisho yalimtia matatani na wakubwa wake. Mwaka 1837 Chama cha Kanisa la Uingereza cha Umisionari kilimpeleka Uhabeshi.

Uhabeshi ulimfukuza mara mbili. Alitolewa Adwa mwaka 1838, akaenda Shoa kwa Mfalme Sahle Selassie, akajifunza lugha ya Waoromo kwa imani kwamba hao ndio watakaokuwa mlango wa Afrika nzima. Mwaka 1842 aliondoka kwenda kumpokea mchumba wake, akanyang'anywa mali yote njiani. Alimwoa Rosine Dietrich huko Misri, na walipojaribu kurudi pamoja, njia zote za kuingia Shoa zilikuwa zimefungwa. Katika nyika iliyo karibu na Massawa, Rosine alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Walimpa jina Eneba, ambalo kwa Kiamhari ni chozi. Hakuishi.

Wakafuata bahari kuelekea kusini. Januari 1844 walifika Unguja, ambako Sayyid Said aliwapokea vizuri na kumpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Miezi michache baadaye walihamia Mombasa. Hapo Krapf alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Muhyiddin. Jambo hili huwasisimua sana wanafunzi wangu, na kwa haki: sura za kwanza za Biblia zilizopata kuchapishwa kwa Kiswahili zilipita katika masikio na ulimi wa kadhi Mwislamu. Ni kweli pia kwamba Krapf alichagua herufi za Kirumi badala ya za Kiarabu kwa makusudi, akitaka kuiweka lugha mbali na ushawishi wa Uislamu. Alipokea ukarimu kwa mkono mmoja na kujenga ukuta kwa mkono wa pili. Simpendi kwa hilo, wala silifichi.

Ilikuwa Juni alipoanza kazi hiyo. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto wa pili, naye wa kike. Homa ilikuwa imewashika wote wawili, mke na mume. Kwa maelezo ya mumewe, Rosine alipoona kwamba haponi aliwaombea watu wa nchi ile pamoja na mtawala wao. Alifariki tarehe 13 Julai. Krapf alikuwa hoi kitandani hata ikambidi ajikokote ili ahakikishe kwamba mkewe amekufa kweli. Siku chache baadaye mtoto alimfuata mama yake. Walizikwa bara, upande wa Nyali, mahali ambapo wapita njia wangeliona kaburi.

Nimeshawahi kusimama pale. Ukumbusho upo mpaka leo, ng'ambo ya Kisiwa cha Mombasa.

Baada ya mazishi, Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi lile la upweke ni ishara kwamba mapambano yameanza katika sehemu hii ya dunia, na kwamba wakati umefika wa kuwatuma wengine. Waandishi wa historia ya Kanisa huisifu sana barua hiyo, na wahubiri huitumia mara kwa mara. Mimi nakiri kwamba hunitia baridi. Mke wa mtu na kitoto cha siku chache wamezikwa, na tayari wamefanywa jiwe la mpaka katika ramani ya kazi! Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona mhubiri wa Lambwe, na nikajiona mwenyewe, kijana anayechagua dwaro kwa sababu ndilo neno lisilotetemeka mdomoni.

Lakini barua haikuwa yote. Sharti mtu aangalie vilevile alichofanya Krapf homa ilipomwachia, nacho ni kidogo na cha kawaida mno: alirudi kwenye maneno. Alikaa na watu wa Mombasa akiwauliza vitu vinaitwaje, akaandika. Katika miaka michache alikuwa na sarufi, msamiati na tafsiri ya Agano Jipya. Sarufi yake ilichapwa Tübingen mwaka 1850. Mtu anayeamini kwamba Mungu amemnyang'anya bure hakai kuuliza wingi wa ufunguo ni nini. Wala anayedai kwamba amekwisha kuyaelewa makusudi yote ya Mungu hana haja ya kuuliza. Krapf alikuwa mahali fulani kati ya hao wawili, na nadhani hapo ndipo wanapoishi waumini walio wengi.

Juni 1846 Johannes Rebmann aliwasili, na Agosti wakaanzisha kituo huko Rabai, wote wawili wakitetemeka kwa homa. Mavuno yalikuwa haba. Mwenzao Wagner alifika mwaka 1849 akafa kwa homa mwaka huohuo. Mwamini wa kwanza waliyempata alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu na kufa. Krapf, aliyeota mnyororo wa vituo kutoka bahari hadi bahari, alipewa mtu mmoja asiyeweza kutembea. Aliketi naye.

Hapo Krapf na Rebmann walitofautiana. Mmoja alitaka kusonga mbele daima, mwingine alitaka kutulia na kulima mahali pamoja. Krapf alisonga. Tarehe 3 Desemba 1849, kutoka Kitui, aliuona mlima wenye theluji; wataalamu wa jiografia walioketi Ulaya wakamdhihaki. Mwaka 1851 alirudi Ukambani akafuatana na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri, hadi karibu na Mto Tana. Walivamiwa, Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake nyikani, akibeba maji katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini yake. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo kile na kutaka kumwua. Alifika Rabai akiwa hai, bila kituo kipya, bila mwenyeji wake.

Mwaka 1853 afya ilimrudisha Ujerumani, akatua katika kijiji cha Korntal. Alijaribu tena Uhabeshi, hakufika alikokusudia. Alikuja pwani mwaka 1861 kuwasaidia Wamethodisti kuanza, akarudi. Mwaka 1867 alikubali kuwa mkalimani wa jeshi la Uingereza lililokwenda kumkabili Mfalme Tewodros, aliugua akarudishwa. Safari hiyo nisingependa kuitetea. Rebmann kwa upande wake alibaki Rabai, akampoteza mkewe mwaka 1866, akawa kipofu, na hakuondoka hadi mwaka 1875. Alikwenda Korntal kufa karibu na rafiki aliyegombana naye. Kati ya wawili hao sijui nimpe nani taji la kumtumaini Mungu, na nashuku kwamba mashindano yenyewe ni ya kipuuzi.

Krapf alikutwa amekufa tarehe 26 Novemba 1881, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Hakuiona kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyotoka London mwaka 1882. Hakujua kwamba Joseph Thomson angeuthibitisha mlima wake mwaka 1883. Na lugha yenyewe ilimpita: yeye alishughulikia Kimvita cha Mombasa, ilhali Kiswahili sanifu kilijengwa baadaye juu ya Kiunguja, na tahajia yake leo huwachekesha wanafunzi.

Hata hivyo, aliyekusanya maneno ya Kimvita kwa miaka yote ile hakukosa kusikia jinsi watu wa pwani wanavyokitumia kitenzi kupenda. Mtu huenda apendako. Mungu akipenda, tutaonana. Hapo kupenda ni kutaka na kuridhia, na bado ni kitenzi kilekile ambacho mama humwambia mwanawe. Wafasiri wa Biblia iliyotoka mwaka 1952 walijaribu kutenganisha, wakaweka upendo upande huu na mapenzi upande ule. Shina la maneno hayo likabaki moja. Mjerumani, kama Mjaluo, ana maneno mawili. Krapf alitoka katika lugha ya maneno mawili akaja kumzika mkewe katika lugha ya neno moja.

Mwaka uliopita nilikwenda nyumbani, nikamtembelea yule mama. Amezeeka, ila masikio yake ni mazima. Nilimsimulia habari za Rosine, za Eneba, na za kaburi la Nyali. Hakuuliza lolote kuhusu mlima wala kamusi. Aliuliza nani alimpikia uji yule mume alipokuwa na homa, na kama alipata mtu wa kulia naye. Kisha akanieleza kwamba yeye, wiki ile ya msiba wake, alilaliwa na wanawake watatu nyumbani kwake hadi siku ya nne, na kwamba mmoja wao alikuwa mama yangu. Maneno ya mhubiri alikuwa ameyasahau. Langu alilikumbuka.

Nilimwomba radhi. Alicheka, akasema kwamba siku ile hata mimi nilikuwa mtoto, akaniagiza nikamletee kiti kivulini kwa sababu jua lilikuwa limemfikia miguuni.