Habari za Daktari Robert Koch, na Malale ya Ziwa Letu

Wazee wa Kiziba walijua jambo moja kabla wenye elimu wa Ulaya hawajakubaliana juu yake: panya wakianza kufa nyumbani, tauni i karibu, wala haifai kukaa pale. Ugonjwa huo waliuita rubunga. Mwaka 1897 habari zake zilifika pwani, na serikali ya Wajerumani ikampeleka mganga wake, Daktari Zupitza, auchunguze. Vitu alivyovitwaa katika miili ya wagonjwa vikapelekwa Dar es Salaam. Mtu aliyevitazama kwa hadubini, akatambua mwaka 1898 kuwa ni tauni yenyewe, ndiye Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, ambako baba yake alifanya kazi ya machimbo ya madini. Akajifunza uganga, akawa daktari wa wilaya ndogo. Huko, katika chumba cha nyumba yake, alichunguza kimeta, ugonjwa wa ng'ombe na kondoo, na mwaka 1876 akaonyesha jinsi kijidudu chake kinavyoishi na kungoja katika udongo. Mwaka 1882 akavumbua kijidudu cha kifua kikuu, na mwaka 1884, baada ya safari za Misri na Bara Hindi, akatangaza kile cha kipindupindu. Jina lake likaenea duniani kote.

Lakini sifa ina mtego wake. Mwaka 1890 alitangaza kuwa amepata dawa ya kifua kikuu. Wagonjwa wakamiminika Berlin kwa maelfu, kumbe dawa haikuponya, na wengine walizidishiwa ugonjwa. Ilikuwa aibu kubwa. Hata hivyo hakuacha kazi, na mwaka 1905 alipewa tuzo ya Nobel.

Siku hizo malale ilikuwa ikiteketeza watu pande za ziwa letu. Katika Uganda watu zaidi ya laki mbili walikufa kwa miaka michache tu. Mwaka 1903 Mwingereza David Bruce, akifanya kazi Entebbe, alionyesha kuwa mbung'o ndiye achukuaye kijidudu kutoka kwa mgonjwa na kumtia mtu mzima. Mwaka 1906 Koch, mwenye umri wa miaka sitini na miwili, alikuja na wasaidizi wake, akapiga kambi katika visiwa vya Sese. Wagonjwa wakaja kwa mitumbwi, wengine wamebebwa, hata wakazidi elfu moja.

Akawadunga dawa iitwayo atoksili, ambayo ndani yake mna sumu ya aseniki. Mwanzo ulikuwa wa furaha: vijidudu vilitoweka katika tezi za shingo, na waliolala wakainuka wakatembea. Lakini baada ya muda vijidudu vilirudi. Koch akaongeza kipimo cha dawa, na hapo watu zaidi ya ishirini wakapofuka macho, wasione tena. Akapunguza kipimo, lakini macho yale hayakurudi. Majina ya vipofu hao hayasomwi pamoja na jina la Koch, ingawa elimu hiyo ilipatikana kwa hasara yao.

Mwaka 1907 Koch alifika Kiziba, akawakuta wagonjwa wa malale miongoni mwa watu waliokuwa wamekwenda Uganda kutafuta kazi. Basi kambi ya wagonjwa ikawekwa Kigarama chini ya Daktari Kudicke. Koch aliagiza pia vichaka vya pwani vifyekwe, ili mbung'o wakose kivuli. Msaidizi wake Kleine ndiye aliyeonyesha, mwaka 1909, kuwa kijidudu hukua kwanza ndani ya mbung'o kwa siku kama ishirini kabla hajaweza kumwambukiza mtu.

Koch alikufa tarehe 27 Mei 1910. Mwaka huo huo wamisionari wa Betheli walifika Bukoba. Nao walikuta kwamba njia ile ile ya Buganda, iliyowaletea watu malale, ilikuwa imekwisha kuwaletea na Habari Njema, kwa mikono ya Wahaya waliojifunza kusoma huko.

Ndugu walimu, katika maisha haya tuone mambo mawili. Kwanza, Mungu ameweka maarifa kwa wengi: kwa mwenye hadubini, na kwa mzee wa Kiziba aliyemtazama panya. Pili, mwenye kutaka kuponya asipende sifa ya kuponya kuliko mgonjwa mwenyewe. Siku hizi zipo dawa za malale za kumeza, ambazo hazipofushi mtu. Tunapoomba kwa ajili ya waganga wetu, tuwakumbuke na wale wa Sese, walionyosha mkono kwa matumaini wakapofuka macho.