Nabii Ezekieli na Hesabu ya Kila Mtu

Mwezi wa Oktoba mwaka 1896, huko Akeri chini ya Mlima Meru, wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa na vijana wa vita. Haukupita muda mrefu Wajerumani wakaja na jeshi lao, pamoja na wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zikachomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa. Mzee, mama na mtoto ambao hawakushika mkuki waliadhibiwa sawa na wauaji. Ndivyo wahukumuvyo wanadamu wakiwa na hasira. Mwenyezi Mungu hahukumu hivyo. Na aliyetumwa kulitangaza neno hilo ni Nabii Ezekieli, ambaye naye aliteseka pamoja na taifa zima.

Ezekieli, mwana wa Buzi, alikuwa wa ukoo wa makuhani. Mwaka 597 kabla ya Kristo alichukuliwa mateka hadi Babeli pamoja na mfalme Yekonia na wakuu wengi. Katika mwaka wa tano wa uhamisho, kando ya mto Kebari, Mungu alimwita awe mlinzi wa watu wake, aione hatari na kupiga mbiu. Mlinzi akinyamaza, damu ya aliyepotea itadaiwa mkononi mwake.

Wenzake walijifariji kwa methali: eti meno yao yamekufa ganzi kwa zabibu mbichi walizokula baba zao. Maana yake, wazee ndio waliokosa, wao wanaonewa tu. Ezekieli aliwakatalia. Mwana, alifundisha, hachukui dhambi ya baba, wala baba dhambi ya mwana. Mwovu akitubu ataishi. Mwenye haki akigeukia uovu, wema wake wa zamani hautamwokoa. Wala Mungu hafurahii kufa kwake mkosaji.

Mkewe mpendwa alipofariki, Ezekieli alikatazwa hata kumlilia, iwe ishara ya msiba wa Yerusalemu. Lakini mji ulipokwisha kuanguka, nabii huyo mkali akawa mfariji, akawaonyesha watu mifupa mikavu ikirudiwa na uhai.

Ndugu wasomaji, tusimhesabie mtoto wa mwizi wizi wa baba yake, wala tusimkatae mchumba kwa sifa mbaya ya ukoo wake. Nasi tusijifiche nyuma ya ukoo, umaskini au marafiki wabaya. Mbele ya Mungu kila mtu atasimama na matendo yake mwenyewe. Na mzazi aliyemwona mwanawe akipotea, akanyamaza, atasimama na ukimya wake.