Joy Adamson: Aliyepata picha zake mlangoni pa hema, Meru

JINA la Joy Adamson linapotajwa, wengi humkumbuka simba jike Elsa na kitabu Born Free kilichotoka mwaka 1960. Wachache hukumbuka kwamba kitabu hicho kilibebwa pia na picha, na kwamba picha hizo zilipigwa mahali pa kawaida kabisa: kitandani, juu ya gari la kazi, chini ya mti na kando ya mto Ura, katika sehemu ambayo leo ni Mbuga ya Kitaifa ya Meru.

Maisha ya mama huyu yanastahili kusimuliwa upya kwa ajili ya kila mwenye kamera anayelalamika kwamba kwao hakuna cha kupiga picha. Joy alizunguka sehemu kubwa ya Kenya, lakini kilichompa umaarufu ni kukaa mahali pamoja na kumtazama mnyama mmoja kwa muda wa miaka mitano.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya milki ya Austria wakati huo. Mji huo sasa huitwa Opava, na umo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake walimpa jina la Friederike Victoria Gessner. Ujanani alisomea muziki, akajaribu pia uchongaji na ushonaji, asitulie katika lolote. Mwaka 1937 alisafiri kwa meli kuja Kenya. Safarini alikutana na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, ambaye baadaye alikuwa mume wake wa pili. Bally ndiye aliyembandika jina la Joy, yaani furaha, likamganda hadi kufa kwake.

Ndoa hiyo haikudumu, ila ilimfunza jicho lake kazi. Bally alikusanya mimea, naye Joy akaichora. Ua la porini halimngoji mchoraji. Likishachumwa huanza kunyauka, na rangi yake hugeuka kabla ya jua kutua. Ilimbidi Joy ajifunze kuketi mbele ya kitu kidogo, cha kawaida, ambacho wapita njia hukikanyaga, akitazame hadi akijue. Mwaka 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani nchini Uingereza kilimtunuku nishani ya dhahabu kwa michoro hiyo.

Baada ya maua walifuata watu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, wakiwemo Wameru. Mamia ya michoro hiyo yalihifadhiwa na makumbusho ya taifa jijini Nairobi, na mwaka 1967 akatoa kitabu kuihusu. Leo mjukuu anayetaka kujua mzee wa zama zile alivaa nini siku ya sherehe anaweza kuanzia hapo.

Mwaka 1944 Joy alikuwa ameolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyesimamia eneo kubwa la kaskazini. Makao yao yalikuwa Isiolo, mji ulio jirani na Meru. Mnamo Februari 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba alikuwa na watoto watatu. Akawaleta nyumbani. Wawili walipokua walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Aliyebaki ni mdogo wao, Elsa.

Hapo ndipo kamera ilipopata kazi. Joy hakuhitaji kwenda kuwinda picha, kwa maana picha zilikuwa zikimpitia miguuni. Elsa alicheza na pimbi aliyefugwa katika nyumba hiyo, akapanda juu ya paa la Land Rover, akajinyoosha juu ya kitanda cha safari kana kwamba kilitandikwa kwa ajili yake. Msomaji wa London au New York aliyezoea kumwona simba akiwa ametanua taya, au akiwa amekufa chini ya buti la mwindaji, alimwona kwa mara ya kwanza akisinzia. Siri ya picha zile ni hiyo: mnyama wa kutisha ndani ya mambo ya kila siku ya nyumba.

Mwaka 1958 Elsa alipelekwa katika nyika ya Meru ili afundishwe kuishi mwituni. Kambi ilipigwa karibu na mto Ura. Joy aliketi kivulini kando ya maji, akiandika, akichora na kupiga picha, huku George akimzoeza Elsa kujiwindia. Eneo walilolitumia halikuwa kubwa: mto, mwamba mkubwa aliopenda Elsa kuupanda, vichaka, hema. Mtu mwingine angalichoka baada ya wiki moja. Joy alirudi mahali pale pale asubuhi na jioni, akijua ni saa ngapi mwanga huushukia mwamba na ni wapi Elsa hutokea akitoka kunywa maji.

Tukumbuke pia vyombo vya wakati huo. Ukanda mmoja wa filamu ulikuwa na nafasi chache, na mpigapicha hakujua alichokipata mpaka filamu isafishwe. Aliyebonyeza ovyo alipoteza fedha. Kwa hiyo kuijua mapema tabia ya kile unachokipiga kulikuwa na thamani kuliko kamera ghali, kwani anayejua kitakachotokea huwa ameshajiweka tayari.

Desemba 1959 Elsa alizaa watoto watatu, nao wakaitwa Jespah, Gopa na Elsa Mdogo. Yapata wiki sita baadaye aliwaleta kambini mwenyewe. Joy akafanya uamuzi mgumu kwa mtu aliyemlea mama yao kama mwanawe: hakuwashika wala kuwazoeza mikono ya binadamu, ili wabaki kuwa wanyama wa mwituni. Aliwatazama na kuwapiga picha akiwa mbali kidogo. Ukaribu nao una adabu yake, na asiyeijua huharibu kile anachokipenda.

Elsa aliaga dunia tarehe 24 Januari 1961, kwa maradhi yanayoenezwa na kupe. George ndiye aliyekuwa naye. Joy alikuwa Nairobi. Alizikwa pale pale karibu na Ura, na kaburi lake bado ni mojawapo ya mahali wanapofika wageni wa mbuga hiyo. Watoto wake, wakiwa hawajajua vyema kuwinda, walianza kuvamia mifugo ya wanavijiji wa jirani, ikabidi wakamatwe na kuhamishiwa Serengeti mwaka huo huo.

Kisa hicho cha mifugo kinatuonyesha upande ambao picha za kambini hazikuuonyesha. Kwa msomaji wa ng'ambo, Elsa alikuwa rafiki. Kwa mfugaji wa Tharaka aliyeamka na kukuta mbuzi wake wameliwa, simba alikuwa hasara na hofu. Wafanyakazi kama Nuru na Makedde, waliomlisha Elsa na kumlinda mchana na usiku, wametajwa vitabuni kwa jina moja moja tu. Waliomfahamu Joy wamesimulia kwamba alikuwa mkali, mwenye hasira za karibu, na kwamba ilikuwa rahisi kwake kumvumilia mnyama kuliko kumvumilia binadamu. Jicho lililoweza kuona kila badiliko katika uso wa simba halikutulia vivyo hivyo juu ya nyuso za waliompikia chai.

Hata hivyo, mchango wake hauwezi kufutwa. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa lugha nyingi, kikafuatiwa na Living Free na Forever Free, na mwaka 1966 filamu yake ikaonyeshwa duniani. Joy alizielekeza fedha nyingi za mauzo katika kuhifadhi wanyama, na Meru ilifaidika. Mwaka huo huo wa 1966 Meru ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa. Picha za simba aliyelala zilisaidia kulinda ardhi yenye ukubwa wa takriban kilomita 870 za mraba.

Joy alikuwa amerudi Meru mwaka 1965 akiwa na duma aliyeitwa Pippa. Mbinu ilikuwa ile ile: kambi moja, mnyama mmoja, miaka kadhaa. Aliwafuata watoto wa Pippa tangu kuzaliwa, akijifunza kuwatofautisha kwa madoa yao kama mama anavyowatambua pacha wake. Pippa alikufa mwaka 1969, akazikwa vilevile ndani ya mbuga. Baadaye Joy alihamia Naivasha, kisha akaenda Shaba kumlea chui aitwaye Penny. Huko ndiko alikouawa tarehe 3 Januari 1980, akiwa anakaribia umri wa miaka 70. Ilidhaniwa kwanza kwamba ameuawa na simba, lakini uchunguzi ulibaini kuwa ni mauaji ya mkono wa binadamu, na mtu aliyewahi kumfanyia kazi akahukumiwa. Majivu ya mwili wake yalirudishwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa.

Wahenga walituonya tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Leo karibu kila nyumba ya Meru na Embu ina simu yenye kamera, na ukanda wa filamu hauhesabiwi tena. Lakini vijana wengi huiweka simu mfukoni wakingoja siku ya kuzuru Mombasa. Nje ya mlango wao, mama anafunga miraa kwa majani ya mgomba kabla gari halijaondoka Maua. Wachuuzi wa Gakoromone wanapanga ndizi alfajiri. Ukungu unashuka kutoka Nyambene na kuyafunika majani chai. Babu anaketi kwenye kigoda kile kile kila jioni.

Hayo yote yatapita, kama walivyopita Elsa na Pippa. Anayetaka kujaribu na achague kimoja kati ya hivyo, akirudie wiki baada ya wiki, mpaka ajue ni saa ngapi mwanga hufika pale. Akitimiza hilo atakuwa ameipata mbinu ya Joy Adamson. Na akimpiga picha babu aliye kigodani, akauliza jina lake kamili na kuliandika, atakuwa amefanya jambo ambalo Joy mwenyewe aliwanyima wengi waliokuwa karibu naye.